Nilisema Ni Sita

Jumamosi, 3 Februari 1912

Leo asubuhi Bwana Mchungaji amepanda meli kwenda kwao Ulaya kupumzika. Atarudi baada ya masika ya mwakani. Ameniachia daftari hili akasema, "Nsajigwa, andika kwa Kiswahili namna Nyumba inavyoendelea. Nikirudi nitasoma." Basi naandika.

Nyumba ni ile iliyokuwa shule ya zamani, karibu na migomba ya misheni. Ndani wanakaa watu tisa waliopatwa na ugonjwa wa akili. Wengi waliletwa na ndugu zao, na wengine Tusekile, mlezi wao, aliwafuata mwenyewe, akawatoa kwenye magogo. Kwetu mtu akichafukwa na akili, mguu wake hutiwa kwenye tundu la gogo na kubanwa kwa kabari ili asiende mbali. Dada yake Tusekile alifia kwenye gogo. Tangu hapo mama huyo, mjane, hataki kusikia habari za kufunga mtu. Anawalisha na kuwaogesha, na wenye nguvu analima nao.

Baraza la Nyumba ni wazee watano wa kanisa: Hezroni, Ezra, Andongwisye, Ambrose, na mimi mwenyekiti. Tusekile hayumo barazani, kwa kuwa ni mwanamke. Mchungaji alipotangaza jina langu kanisani nilitazama chini kwa unyenyekevu, lakini moyoni nilifurahi sana.

Jumatatu, 5 Februari

Mvua kutwa. Shuleni kwangu watoto kumi na moja tu.

Jumapili, 11 Februari

Ambilikile, mmoja wa wagonjwa wetu, amepiga kelele kanisani tena. Mimi nilikuwa nasoma Zaburi, yeye akasimama, akaanza kuwaita waliokufa kwa ndui, mmoja mmoja, kama mtu anayeita majina shuleni. Tusekile alimshika mkono wakatoka nje.

Ambilikile na mimi tulisoma darasa moja na kubatizwa siku moja. Alikuwa ananishinda hesabu. Watu wanalijua hilo, ndiyo maana akipiga kelele wananitazama mimi.

Hezroni aliniambia tulipotoka, "Mwalimu, huyu anatuaibisha. Na yule Marita anayevua nguo. Na Enoki." Enoki hana ubaya. Ni kijana mtu mzima wa Katumba Songwe, mpole, ila mgeni yeyote akifika humshika mkono kwa mikono yake miwili na kuuliza, "Umekuja kunichukua?" Hakuachii upesi.

Jumanne, 20 Februari

Hakuna jambo.

Jumanne, 27 Februari

Barua kutoka bomani Tukuyu. Bwana Daktari atakuja wiki ijayo kuikagua Nyumba. Akiiona ina utulivu, serikali itaipa hati. Akiona ni vurugu tupu, itafungwa na wagonjwa watarudishwa makwao.

Nimemsomea Tusekile kwa Kinyakyusa. Akauliza, "Makwao, maana yake kwenye magogo?" Niliikunja barua nikaitia mfukoni.

Ijumaa, 1 Machi

Baraza limekaa kanisani, mvua ikipiga juu ya nyasi za paa hata ikabidi tupaze sauti.

Hezroni alitoa shauri. Wale watatu, Ambilikile, Marita na Enoki, wavushwe kwa mtumbwi hadi ng'ambo, chini ya milima, kwa Wakisi wafinyanzi. Kule hakuna njia ya nchi kavu ya kufaa, kwa hiyo daktari hawezi kuwakuta. Wakae siku mbili, akiondoka warudishwe. Ezra akaunga mkono. Andongwisye na Ambrose wakakataa. Andongwisye alisema, "Tukimwonyesha wazima watupu, atakuwa amekagua nini?"

Tukamwita Tusekile asimame mlangoni atoe neno. Alisema, "Baba zangu, Nyumba hii ilifunguliwa kwa ajili ya hao watatu hasa. Hao sita wengine hata kwao wangeweza kuvumiliwa."

Kura zikawa mbili kwa mbili. Wote wakanigeukia.

Nilisema tunafanya hivi kwa ajili ya wote tisa, maana Nyumba ikifungwa hakuna atakayepona. Maneno hayo nilikuwa nayaamini, na hata sasa sidhani kwamba yote yalikuwa uongo. Lakini nilipokuwa nayasema nilikuwa namwona Bwana Mchungaji akisoma hati ya serikali na kunipa mkono. Nikainua mkono upande wa Hezroni.

Tusekile akasema, "Ndaga," neno letu la asante, akaenda zake. Hakukuwa na asante ndani yake.

Jumatatu, 4 Machi

Nimewasindikiza hadi ufukweni mimi mwenyewe. Marita aliingia mtumbwini akiimba. Ambilikile aliniuliza kwa sauti ya mtu mzima wa akili kabisa, "Nsajigwa, tumekosa nini?" Nikamwambia ni matembezi.

Enoki alinishika mkono. "Unakuja kunichukua?"

"Nitakuja. Siku mbili."

"Siku mbili?"

"Mbili."

Hakuachia. Wapiga kasia walikuwa wanangoja huku maji yanachafuka. Nikambandua vidole, kimoja kimoja.

Ijumaa, 8 Machi

Daktari hajafika. Wanasema daraja la mto limechukuliwa na maji huko juu. Upepo wa kusini umeamka, na mawimbi yanafika kwenye miti.

Jumapili, 10 Machi

Hajafika. Mitumbwi imevutwa juu nchi kavu. Wavuvi wanasema hawaendi ng'ambo hata kwa dawa.

Ijumaa, 15 Machi

Tusekile amekuja darasani kwangu mbele ya wanafunzi. "Mugonile, Mwalimu." Nikaitikia salamu yake. Akasema, "Siku ya kumi na moja leo." Nikamjibu upepo ni wa Mungu. Akasema, "Upepo, ndiyo," akaondoka.

Nilikasirika kutwa nzima. Nimemwambia mke wangu Angetile kwamba mama yule hana adabu kwa Baraza. Angetile alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa.

Alhamisi, 21 Machi

Daktari amekuja, na ameondoka. Nataka kuandika kama ilivyokuwa, ingawa nimekaa na kalamu muda mrefu kabla ya kuanza.

Alifika saa tatu, matope hadi magotini, na wapagazi wanne. Mashua kubwa ya serikali ilikuwa inamsubiri kwenye mlango wa mto, impeleke kusini kwenye kazi nyingine. Ile haiogopi mawimbi ya ziwa letu. Wote tuliiona imesimama pale, na Tusekile aliiona.

Nyumba ilikuwa safi. Wagonjwa sita walikaa kwenye mikeka, wamenyolewa, wamevaa nguo zilizofuliwa. Mmoja alisuka kikapu. Daktari alizunguka, akatazama paa, akatazama choo, akawatazama macho na ndimi. Alikuwa mtu mstaarabu, amechoka. Kiswahili chake ni cha pwani, kizuri kuliko changu.

Akaniuliza, "Wote ni hawa?"

"Wote, Bwana."

"Sita?"

"Sita."

Akaandika. Kisha akamgeukia Tusekile. "Huyu ndiye mlezi? Muulize ana shida gani."

Tusekile hajui Kiswahili, na daktari hajui Kinyakyusa. Katikati yao nilikuwa mimi peke yangu. Nikamuuliza Tusekile. Alimtazama daktari, si mimi, akasema taratibu kwa Kinyakyusa, kama mtu anayemfundisha mtoto:

"Mwambie wako wengine watatu, Enoki, Marita na Ambilikile. Wako ng'ambo, chini ya milima, siku ya kumi na saba leo, na chakula tuliwapa cha siku mbili. Mwambie ile mashua yake inaweza kuwafikia leo hii. Mwambie tafadhali."

Hezroni alikohoa nyuma yangu.

Daktari akauliza, "Anasemaje?"

Nikasema, "Anasema anashukuru, Bwana. Shida yake ni paa, linavuja upande wa mashariki."

Daktari akaitikia kwa kichwa, akaandika habari ya paa. Tusekile alinisikiliza hadi mwisho. Hajui Kiswahili, lakini jina la Enoki, la Marita na la Ambilikile angelitambua katika lugha yoyote, na hakulisikia hata moja. Akaelewa. Aliangalia miguu yake. Nadhani aliona haya kwa ajili yangu, kama unavyoona haya ukimkuta mzee wa watu amelewa njiani.

Daktari alinipa mkono. "Mahali tulivu sana. Hongera, Mwalimu." Saa sita mashua ikaondoka.

Daftari hili Mchungaji atalisoma. Nimetaka kuukata ukurasa huu mara mbili. Nimeuacha. Huo si ushujaa. Nimeona tu kwamba kurasa zimeshonwa mbili mbili, na nikiukata huu na mwenzake utatoka, ikaonekana.

Ijumaa, 22 Machi

Mvua.

Jumapili, 24 Machi

Hezroni ameomba kanisani, akamshukuru Mungu kwa ajili ya ukaguzi na kwa hekima aliyompa mwenyekiti wetu. Watu waliitika amina. Na mimi niliitika.

Jumanne, 2 Aprili

Upepo umelala juzi. Leo tumevuka, mimi na Tusekile, na wapiga kasia wawili.

Kule ng'ambo milima inaingia majini moja kwa moja. Kijiji kimebanwa kwenye kipande cha mchanga, nyumba chache na vyungu vinavyokauka kila mahali. Mama mmoja mjane, Veronika, Mkisi, alikuja kutupokea. Mikono yake ilikuwa ya udongo hadi kwenye viwiko. Nyuma yake nilimwona Marita amekaa chini, amevaa vizuri, anasugua chungu kwa kokoto. Ambilikile alikuwa kwenye kivuli, amekonda, anawasomesha watoto watatu kuhesabu.

Nikauliza, "Enoki?"

Veronika alimtazama Tusekile kwanza, kisha akaniambia kwa Kinyakyusa chake cha Kikisi. "Kijana wenu yule alikuwa anakaa pale kwenye jiwe. Kila kukicha. Tunamwambia njoo ule, anasema Mwalimu amesema siku mbili, akija asinikose. Chakula tukampelekea pale pale. Tulikula pamoja kile kidogo tulichokuwa nacho, ziwa halikutupa samaki siku hizo. Halafu akasema labda Mwalimu amepotea njia, niende nikampokee. Akapita kwenye miamba, huko kuliko na mawimbi. Mume wa dada yangu alimfuata, hakumwahi."

"Lini?"

"Jumamosi. Si hii iliyopita, ile nyingine."

Jumamosi ile ni tarehe 23. Daktari alikuja Alhamisi tarehe 21. Nilihesabu kwa vidole hapo hapo mchangani, nikahesabu tena. Siku mbili.

Walimpata Jumapili, wakamzika juu kidogo, mahali pasipofikiwa na maji. Veronika aliomba mwenyewe kwa sababu hakuna mzee wa kanisa kule.

Tusekile alilia kwa sauti, kama tunavyolia kwetu, akajitupa chini. Mimi sikulia. Nilisimama na kofia yangu mkononi, na watoto waliokuwa wakihesabu na Ambilikile walinitazama.

Marita amekataa kurudi. "Huku nina kazi," alisema, na Veronika akasema tumwache, mikono yake ni mizuri. Ambilikile alirudi nasi. Nilipompa mkono apande mtumbwini aliupita, akashika ukingo wa mtumbwi.

Alhamisi, 4 Aprili

Baraza. Nilieleza yote. Andongwisye alishika kichwa. Ambrose alisema tuandike habari hii kwenye kitabu cha Baraza na kumjulisha daktari.

Hezroni akasema, "Kumjulisha nini? Serikali ina watu sita kwenye kitabu chake, na wote sita wazima wanakula. Huyu hakuhesabiwa. Asiyehesabiwa hawezi kufa mikononi mwetu."

Nilingoja mtu amkemee. Halafu nikakumbuka kwamba mwenye kazi ya kumkemea ni mwenyekiti.

Tukakubaliana, yaani sikukataa, kwamba Hezroni apeleke habari Katumba Songwe kwa Maria, mama yake Enoki, kuwa mwanawe amefariki kwa homa na kuzikwa kwa heshima katika makaburi ya misheni.

Jumapili, 7 Aprili

Pasaka. Sikuongoza ibada. Nilisema nina homa.

Jumatano, 10 Aprili

Hezroni amerudi. Anasema mama yule amepokea vizuri, ameshukuru. Mto Songwe ukipungua atakuja kuliona kaburi.

Jumanne, 16 Aprili

Hati imefika, ina muhuri wa serikali. Nyumba imekubaliwa kuwa na wagonjwa sita, wala wasizidi sita, kama ilivyoonekana siku ya ukaguzi.

Nilimpelekea Tusekile nikamsomea. Alikuwa anamnyoa Ambilikile. Hakusimamisha wembe.

"Sita," alisema.

"Sita."

"Nina saba hapa, pamoja na huyu. Mwalimu, wewe ndiye mwenyekiti, niambie. Nimrudishe huyu kwenye gogo? Au nimtoe mwingine? Nichagulie."

Ambilikile alikaa shingo ameinamisha, povu la sabuni nyuma ya sikio. Alikuwa anasikiliza. Nilisema Baraza litatafakari.

Alhamisi, 18 Aprili

Mafuriko. Mpunga wote wa bondeni uko chini ya maji. Tunapita kwa mitumbwi hadi mlango wa kanisa.

Jumanne, 23 Aprili

Kila asubuhi nauliza wapita njia kama Songwe umepungua. Wanadhani nina shamba kule.

Leo Angetile ameweka ugali mbele yangu, akakaa, jambo asilolifanya. Akasema, "Baba, wanawake kisimani wanajua. Wamejua tangu Tusekile arudi. Hakuna asiyejua ila mama wa marehemu."

"Wanasemaje juu yangu?"

"Unauliza wanasemaje juu yako?" Akaondoka na bakuli la mboga kabla sijanawa.

Jumatatu, 29 Aprili

Nimefika Tukuyu, siku mbili kwa miguu, mvua njia nzima. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu yote ya kumwambia daktari.

Daktari hayupo. Amekwenda safari na hawajui atarudi lini. Anayepokea maneno ni karani, na karani ni mtoto niliyemfundisha mwenyewe kusoma, sasa mtu mzima mwenye koti. Aliinuka. "Mwalimu! Karibu, karibu." Aliniletea kiti akanifutia.

Nikamwambia kwamba nimekuja kutoa maelezo, aandike. Akachovya kalamu, anatabasamu. Nilipofika mahali pa mashua tabasamu lilikwisha. Nilipofika mahali pa kutafsiri aliacha kuandika.

"Mwalimu, niandike hivi hivi? 'Nilibadili maneno ya mlezi kwa makusudi'?"

"Andika."

"Labda tuseme hukusikia vizuri. Kulikuwa na mvua."

Alikuwa ananihurumia. Nilipomfundisha nilikuwa nampiga viganja kwa kusema uongo.

"Nilisikia vizuri," nikasema. "Andika."

Alinisomea yote, nikatia sahihi. Hakunisindikiza hadi mlangoni.

Jumapili, 12 Mei

Jibu limekuja, Ezra amelisoma mbele ya kanisa. Nyumba iendelee na wote waliomo hadi Mchungaji arudi. Tusekile aiangalie, akisaidiwa na Andongwisye. Baraza livunjwe. Nsajigwa asiongoze jambo lolote la misheni, shule pamoja nayo. Habari ya adhabu nyingine itaamuliwa.

Hezroni alitikisa kichwa kwa huzuni kama mtu ambaye hakuwepo.

Nilipotoka nje nilihisi wepesi, nikaanza kujiona mtu aliyefanya jambo kubwa. Nilikuwa nimetembea siku mbili kwenye mvua! Kisha nikaona jambo nililolijua muda wote: kwenda Tukuyu ni mbali, Katumba Songwe ni karibu, na Hezroni alifika huko mto ukiwa umejaa, nami nilichagua kule mbali.

Jumatatu, 20 Mei

Songwe umepungua. Nimekwenda kabla yeye hajaja.

Maria alikuwa anaanika mpunga aliookoa majini. Mama mdogo wa mwili, mzee kuliko nilivyodhani. Alinijua kwa jina. "Mwalimu wa Enoki! Mugonile, tata." Akaniita baba, akataka kupiga magoti kunisalimu. Nikamzuia, nikapiga mimi. Akaogopa. Nadhani hapo ndipo alipojua kwamba kuna neno.

Nilimwambia. Sikuacha kitu. Siku mbili nilizomwahidi, vidole, mashua, na kile nilichomwambia daktari. Majirani walikuja wakasimama. Mjomba mmoja wa marehemu alikwenda kuchukua fimbo, na wengine wakamshika.

Maria aliuliza jambo moja tu. "Kwa hiyo pale misheni hakuna kaburi?"

"Hakuna, mama."

"Ningekuja. Ningelilia kaburi la mtu mwingine."

Alirudi kwenye mpunga wake, akaugeuza geuza kwa mkono, muda mrefu. Mwishowe akasema bila kunitazama, "Utanipeleka."

Jumatatu, 3 Juni

Anga safi, baridi ya asubuhi. Nimempeleka.

Veronika alimshika mkono kutoka mtumbwini hadi kaburini. Wamelizungushia vigae vya vyungu, kazi ya Marita. Maria alipiga magoti, akauweka uso wake kwenye udongo. Akalia, akamwita kwa jina lake la utotoni ambalo sikulijua.

Alipotulia nilivua kofia, nikapiga hatua mbele, kwa mazoea ya miaka ishirini, nikafungua kinywa.

"Hapana," Maria alisema. "Wewe usiombe hapa. Huyu mama ataomba, ndiye aliyemzika. Wewe kakae kwenye mtumbwi."

Nikaenda kukaa kwenye mtumbwi. Wapiga kasia walikuwa wanatengeneza nyavu za mtu, hawakuniuliza kitu. Kutoka pale niliwaona wanawake watatu, Maria, Veronika na Marita, lakini sauti haikunifikia. Jua lilipanda likapita utosini.

Walirudi mchana. Maria alikaa mbele, amenipa mgongo, na chungu kidogo alichopewa na Marita mapajani. Ziwa lilikuwa shwari. Tulipogusa mchanga wa upande wetu, mmoja wa wapiga kasia alimshika kiwiko akashuka. Maria akamwambia, "Ndaga fijo, mwanangu." Akamgeukia wa pili, naye akamshukuru vile vile. Halafu akainua chungu chake kichwani, akaishika njia ya kwao.